Nitafute Ninapokwenda

Alhamisi, saa nne za usiku, ghorofa ya tatu, Tudor.
Feni yazunguka kwa kulalamika. Mama kashalala.
Navaa kofia ya Twalibu, ya kazi, ya bandarini,
aliyoiacha msumarini siku ya kwenda Doha.
Nimeitia taa tatu ndogo kwa gundi na kibanio cha nguo
ili kamera izione: nigeuze shingo kidogo,
rubani ndani ya kioo ageuze yake nzima.

Chini kuna bahari isiyo na chumvi,
visiwa visivyo na msikiti wala kituo cha mafuta.
Juu, upande wa kulia, kijidoa,
punje ya ufuta iliyoungua
ikabaki peke yake sahanini.
Ndiye. Ndugu yangu wa tumbo moja
yuaja kuniua.

Amri ni moja, alinifunza mwenyewe
tulipokuwa tukigombea kiti kimoja:
mato yasimwache adui.
Si risasi, si kasi, si urefu wa mbawa.
Atazamaye geji ya mafuta katikati ya kona
ajisomea talakini.

Basi namshika. Apanda, napanda.
Ajilaza ubavu, bawa lamulika mara moja,
nami naupokea mmuliko ule
kama mdai aliyelipwa shilingi kumi katika elfu.
Apita nyuma ya mkia wangu. Nainua kidevu hadi darini,
shingo yalia kama bawaba,
mato peke yake yamebaki kiooni, yamekwenda pembeni kabisa,
mato ya mbuzi avutwaye kwa kamba.
Halafu afanya lile lake la tangu utotoni:
aingia juani.

Hata tukicheza kibe uani kwa Bi Rukiya
hakujificha nyuma ya pipa kama wenziwe.
Alisimama mlangoni, penye mwanga mkali,
ukitazama waona weupe tu.

Yuwapi?
Nafinya mato mbele ya jua la umeme
lisiloweza hata kukausha leso.
Lo, yule! Namfuata, namfuata,
napitisha kidole: vumbi.
Sekunde nne nimezitupa kwa vumbi.

Hapigi simu, Twalibu. Mwaka wa tatu huu.
Pesa za Mama huingia tarehe tano bila neno,
kama maji ya mfereji, yakija yamekuja.
"Mishi, wamsikia nduguyo?"
Nimjibu nini? Kwamba wiki jana
alikuwa nyuzi sitini kushoto kwangu, juu kidogo, mzima,
na kona zake zimenyooka kuliko zamani?
Hatuandikiani. Niliandika mara moja, *umekula?*
akapotea mchezoni wiki mbili.
Tangu hapo maneno nimeyaacha. Namtazama.

"Ukinipoteza," alinambia, ukucha wake ukigonga kioo,
"usinitafute nilipokuwa. Hapo sipo tena.
Nitafute ninapokwenda."

Naliacha jua.
Nahesabu kasi aliyokuwa nayo, bega aliloinamisha,
ile pupa yake ya kushuka kabla ya wakati.
Naelekeza kichwa chini, kushoto, mahali patupu,
nangoja patupu pajae.

Moja.
Mbili.

Ufuta.

Yu mbele yangu, kanipa mgongo, hajui.
Kidole ki juu ya kitufe. Nisipopiga, atang'amua.
Nikimwangusha, atazima mashine yake kule,
na Alhamisi nyingine iko mbali.
Nampigia. Nakosa kwa upana wa dhiraa,
kwa ustadi ambao hakuna atakayenipongeza.
Astuka, ajipindua, aanza tena kunizunguka.

Nje, ndege ya kweli yashuka kuelekea Port Reitz,
magurudumu yamekunjuliwa, vioo vya dirisha vyatetema,
taa yake yapita ukutani juu ya msumari mtupu.
Sigeuki.